Samadi kwa Miti Yenye Alama

Chilaunebas,
mwezi wa Chait, mwisho wa mwaka 2067 wa kalenda yetu

Mjukuu wangu Jamuna,

Umefika? Kama umefika na hukuandika, niambie sikio lako liko wapi nije kulivuta. Mimi mzima. Nyati kazaa dume, hasara tupu, lakini maziwa yapo. Paa la zizi linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Baba yako alipiga simu kutoka Malaysia kwenye simu ya Hasta. Hasta akanipandisha hadi mgongo wa kilima, huko ndiko simu zinakoshika, akanibandika kile kidude sikioni. Nikaisikia sauti ya mwanangu ndani ya kisanduku. Nililia tu mpaka simu ikakatika. Kwa hiyo wewe niandikie. Barua naiweka chini ya mto. Simu siiwezi.

Anayeniandikia ni huyo huyo Hasta Bahadur, jirani yetu. Unamjua: alikwenda uaskari India, akarudi na pensheni, masharubu na mwandiko mzuri, na sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya msitu. Ananiambia, "Shemeji, sema polepole." Namuuliza, vitani adui alikuwa anakungoja umalize? Anacheka. Natumaini hajaandika kwamba anacheka.

Sasa neno lenyewe.

Tangu muondoke nyie wapima msitu na futikamba zenu, hapa hakuna mazungumzo mengine. Nausara wa nyumba ya chini anasema mmekuja kununua hewa. Nikamwambia, "Nausara, hewa yako wewe nani atainunua, na figili zote hizo unazokula?" Watu wakacheka, yeye akanuna hadi jioni. Lakini ulichonieleza jikoni nimekishika. Mti unavuta moshi wa nchi za wengine na kuufunga ndani ya mbao, na wenye moshi watatulipa tukiuacha umefungwa. Sawa. Mti ni jela ya moshi. Na malipo hayo kamati itayanunulia bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya juu hadi kijijini. Hilo nimelishika kuliko yote. Jamuna, tangu chemchemi yetu ikauke, nateremka hadi mtoni na kupanda na mtungi mgongoni, mkanda kipajini, na magoti yananitukana njia nzima. Matusi mengine sijawahi hata kuyasikia kwa walevi. Nataka maji yanifuate mimi, japo uzeeni.

Ninachouliza ni hiki. Mlipima ile miti ya ndani ya miduara mliyochora msituni tu, mkaitia mkanda wa rangi nyekundu, mkapigilia vigingi. Msitu mwingine wote mkaupita kama bwana harusi anavyowapita wapishi. Je, mtakaporudi baada ya mvua, ni ile yenye alama tu mtakayoitazama? Nijibu hilo, maana nina fikra yangu.

Ule mti wa chilaune ulio kando ya chemchemi iliyokauka, ule ulioupaka wewe kwa mkono wako, jana niliukumbatia. Usinicheke. Vidole vya mkono mmoja vilipita juu ya vya mwenzake. Mwembamba, kama wewe. Kula.

Bibi yako,
Lalsara
(Ameweka dole gumba. Nimeandika mimi, Hasta Bahadur. Sikucheka sana.)


Kathmandu,
mwezi wa Baisakh, 2068

Bibi yangu,

Shikamoo. Naishika miguu yako yote miwili, magoti nayaomba radhi. Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, nakula, ingawa ugali wa ulezi wa hapa mjini hauna ladha ya chochote. Vumbi la mji limeniingia hadi kwenye ndoto. Sikio langu liko palepale, lakini nakuomba ulisamehe: nilikuwa tambarare za chini wiki nyingi, tunapima miti ya mipakani mwa mashamba ya watu, na udongo pia. Ndiyo, udongo nao unapimwa. Usimwambie Nausara.

Mwambie Babu Hasta mwandiko wake umesifiwa na ofisi nzima. Niliwasomea ile ya figili.

Kuhusu swali lako: ndiyo, Bibi, ni miti ile ile. Tutarudi baada ya sikukuu ya Dashain kuipima tena hiyo hiyo yenye alama, tuone imenenepa kiasi gani. Hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba ya msitu wote. Kwa hiyo itunzeni sana miduara ile, na watoto wasing'oe vigingi.

Naandika mbiombio, gari linaniita. Fikra yako ni ipi? Uniambie.

Mjukuu wako,
Jamuna


Chilaunebas,
mwezi wa Asar, 2068

Jamuna, macho yangu,

Mvua imeingia kwa nguvu. Paa la zizi ndiyo hilo. Nyati ana kikohozi lakini anakula. Binti wa Nausara kaposwa kule ng'ambo ya mto, mwanamume mrefu, hana la kusema, kama mlingoti. Mimi mzima, mikono tu imechubuka, na sasa utajua kwa nini.

Fikra yangu ndiyo hii. Mwenye nyumba akichagua mbuzi wa Dashain akamtia alama, mbuzi yule hali tena majani ya njiani. Analishwa ya kutafutiwa, anapewa chumvi, analala pakavu. Watu wakija siku ya sikukuu wanamtazama huyo, hawaulizi wengine wamekonda vipi. Basi nyie mmetia alama, na umeniandikia mwenyewe, "Itunzeni sana." Nikamwambia Hasta anisomee hapo tena. Akanisomea. Nikaita kikundi cha kina mama.

Nikawaambia, kila nyumba ichukue mduara wake. Kila nyumba ipeleke samadi. Nausara akasimama, mikono kiunoni. "Shamba langu la ulezi lina njaa," anasema, "wewe unataka samadi nikailishe miti ya porini?"

Nikamwuliza, "Unataka bomba au hutaki?"

"Nataka."

"Basi beba."

"Na ulezi?"

"Ulezi utakula tukishapata maji. Mjukuu wangu atakuja kuipima miti hii mbele ya wakubwa zake. Unataka aaibike?"

"Mjukuu wako, mjukuu wako! Mimi nilimtawaza huyo alipokuwa mdogo," akasema Nausara, na siku iliyofuata ndiye aliyekuwa mbele, tenga limejaa hadi juu, anatutukana sisi tulio nyuma kwamba tunatembea kama konokono.

Ungetuona, Jamuna! Wanawake wote kwenye mteremko, mvua inatupiga, samadi inatuchuruzika shingoni, tunaimba. Magugu ya ndani ya miduara tumeyang'oa yote. Majani ya mifugo hatukati humo hata jani moja, tunakata kule juu kwenye miti isiyo na alama. Ile sasa imebaki kama kuku walionyonyolewa, lakini nani anawatazama kuku siku ya mbuzi? Kuni pia tunachukua huko. Hasta aliuliza kama ni sawa. Nikamwambia, wewe linda mpaka, mambo ya kulisha tuachie sisi. Akakubali. Hata yeye alibeba tenga moja, akalala siku nzima.

Ule wako wa chemchemini naulisha mwenyewe. Nimeukumbatia tena. Sasa vidole vinagusana tu.

Nilikuosha, nikakulisha, nikakupeleka shule mgongoni mto ulipofurika. Sikujua kukusaidia hesabu. Hili nimeliweza.

Bibi yako anayenuka,
Lalsara


Kathmandu,
mwezi wa Saun, 2068

Bibi yangu,

Shikamoo, na magoti. Tangu mwaka mpya sijapata neno lako. Mwenye duka la huko bondeni ameniambia kwa simu kwamba kilima kimeporomoka juu ya barabara, mfuko wa posta umekwama upande wa pili. Natumaini ni mfuko tu uliokwama. Nyati vipi? Mmeshapandikiza ulezi?

Nina habari njema na siwezi kungoja barabara. Mwaka huu mkaguzi atakuja kutoka nje ya nchi, na ofisi imeuchagua msitu wetu uwe wa kwanza kuonyeshwa. Wetu, Bibi! Nilisema kwenye mkutano kwamba watu wa Chilaunebas waliulinda kabla hata ya mtu kuwaahidi chochote, kwamba mnakata majani kwa zamu na hakuna anayepita mpaka. Mkubwa wangu alisema, "Basi hao hawatatuangusha." Nilitoka nje nikacheka peke yangu ngazini.

Bomba naliona kabisa. Naona limepita pale penye jiwe la kuanikia, likateremka nyuma ya zizi. Wewe umekaa, maji yanakufuata.

Nitakuja Dashain, uniwekee tika ya baraka kipajini mwenyewe.

Jamuna wako


Kathmandu,
mwisho wa mwezi wa Bhadau, 2068

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia binti wa Nausara kaposwa. Nyati mpe tangawizi na maji ya uvuguvugu. Barua yako ya Asar imefika leo, imelowa, wino wa Babu Hasta umetapakaa lakini inasomeka. Nimeisoma yote.

Bibi, acheni. Tafadhali acheni leo hii. Msipeleke samadi tena.

Hamjafanya ubaya. Mimi ndiye niliyeandika mbiombio. Ngoja nikueleze kama nilivyopaswa kukueleza. Ukipika dengu, huonji chungu kizima. Unachota kijiko, unaonja, unajua chungu chote kina chumvi kiasi gani. Msitu ni mkubwa, hatuwezi kupima kila mti, kwa hiyo miduara ile ndiyo kijiko chetu. Tukipima miti iliyomo, tunajua msitu wote umefunga moshi kiasi gani. Lakini ni lazima iishi kama mingine. Ikatwe majani kama mingine, ilale njaa kama mingine. Nyie mmekitia chumvi kijiko. Chungu mmekiacha chapwa, na dengu zake mmezipunguza.

Mkaguzi atapanda hadi kule juu. Huwa hawapimi tu, wanatembea. Ataiona ile miti iliyonyonyolewa, kisha ataiona yenye rangi, na hataona wanawake wakiimba kwenye mvua. Ataona watu walioficha.

Na hata asipoona, mimi nimejua. Nikinyamaza, takwimu ya uongo itatoka na jina la msitu wetu na jina langu. Nikisema, bomba...

Hapa mvua inanyesha tangu asubuhi.

Samadi iliyobaki irudisheni mashambani, kama ulezi bado una nafasi ya kuila. Mikono yako iliyochubuka ipake samli.

Jamuna


Chilaunebas,
mwezi wa Asoj, Dashain imepita

Jamuna,

Dashain tumeila. Nyama ilikuwa ngumu, mchele ulikuwepo. Nyati amepona. Binti wa Nausara kaolewa, kalia sana, na yule mlingoti naye kalia, watu wote wakampenda hapo hapo. Mimi nilikaa sebuleni na sahani ya tika toka asubuhi, wajukuu wa watu wanakuja, nawapaka vipaji, nawabariki, na kila mbwa akibweka nainua shingo. Hukuja. Kipaji chako mwaka huu kimebaki kitupu. Machipukizi ya shayiri ya baraka niliyokuoteshea gizani nimeyatia ndani ya barua hii. Hata yakifika makavu, yaweke sikioni.

Hasta alinisomea barua yako akiteremsha sauti kama anasoma habari za msiba. Nikamwambia, soma tena pale pa kijiko. Akasoma. Sikuhitaji mara ya tatu, nimepika maisha yangu yote. Lakini Jamuna, siku ile uliponieleza habari za moshi tulikuwa tumekaa jikoni, mbele ya chungu! Dengu zilikuwa zinachemka! Kijiko nilikuwa nacho mkononi! Ungeninyooshea kidole tu.

Basi, yaliyopita. Tulikaa kina mama wote. Mmoja akasema tuizoe samadi. Tukaenda, tukachimba, tukapata tope. Samadi imeshakuwa mti, haitoki. Mwingine akasema tupogoe yenye alama ikonde. Hasta akasema shina halikondi kwa kukatwa matawi. Nausara akasema, "Tufute rangi, tuipake ile mingine."

Hasta akaruka. "Hiyo sasa ni jela, wanawake!"

"Jela ina bomba?" akauliza Nausara. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Ulezi umekataa. Umesimama mwembamba, masuke madogo kama ya kumchezea mtu. Samadi yake iko msituni.

Sasa Hasta hataki kuandika yanayofuata. Anasema, "Shemeji, hili usimwambie mtoto." Nimemwambia, andika, au chai yako namwagia kuku. Ameshika kalamu.

Nyamaza, Jamuna. Usiseme kitu. Rangi haisemi, samadi haisemi, miti haisemi, kwa nini useme wewe? Wenye moshi ni matajiri, hawatakosa usingizi kwa ajili ya kijiko kimoja. Wanawake hawa walinifuata mimi. Waliiba chakula cha mashamba yao wakakipeleka nilipowaambia.

Lakini sikulea mwongo. Ulipokuwa mdogo ulivunja mtungi ukaja mwenyewe kuniambia, na mimi nikakuchapa, halafu nikajuta hadi leo. Ukisema uongo ukiwa huko, nitakujua kwa sauti hata ndani ya kile kisanduku.

Nimesema mawili. Hasta anauliza aandike lipi. Nimemwambia andika yote, sina la kuchagua.

Bibi yako,
Lalsara


Kathmandu,
mwezi wa Kartik, 2068

Bibi yangu,

Shikamoo. Mvua imekwisha, na sasa kila asubuhi kutoka kwenye paa la nyumba hii milima inaonekana hadi ule wa upande wenu. Nasimama pale na chai mpaka ipoe.

Machipukizi yalifika makavu. Niliyaweka sikioni nikaenda nayo ofisini, na sikuyatoa siku nzima.

Nimekutumia shali na dawa ya kuchua magoti. Usimpe nyati. Chua jioni, kisha ujifunike.

Msafara wa kupima unakuja huko mwezi ujao. Mimi sikupangwa. Watakaokuja ni wenzangu, watu wema. Wakipita nyumbani wapokee, tafadhali.

Baba ameandika? Babu Hasta bado anapanda kilimani?

Jamuna


Chilaunebas,
mwezi wa Mangsir, 2068

Mjukuu wangu,

Shali limefika, ninalo mabegani. Dawa inanuka kama duka la dawa lililoungua, lakini inapasha moto. Nyati alilamba kizibo tu, hakudhurika. Baba yako kasema hatarudi mwaka huu, mkataba umeongezwa. Ulezi tumevuna. Umetosha kuitwa ulezi. Kufika mwezi wa Chait hautafika.

Barua yako Hasta aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Nikamwuliza, unatafuta nini? Akasema, "Hajaandika kama alisema au alinyamaza." Nikamwambia aache kutafuta. Ungekuwa umenyamaza ungeniandikia maneno mengi.

Wenzako walikuja. Niliwaona toka mbali, zile kofia na futikamba. Nikavaa shali. Kina mama wote wakatoka nje, Nausara kashika mkungu wa ndizi kwa ajili ya wageni. Walipofika penye njia panda wakashika ya ng'ambo.

Nikawafuata. Nikapiga kelele, "Jamani, msitu uko huku!"

Akarudi binti mmoja mwenye miwani, mpole kabisa. Akasema, "Bibi, mwaka huu wa kwenu haumo."

"Haumo wapi?"

"Haumo kwenye hesabu. Umetolewa. Ile miti ilitunzwa kuliko mingine."

"Na huko kutunza ni kosa?"

Akatazama chini. Akasema, "Bibi, wewe ni bibi yake dada Jamuna? Ndiye aliyekwenda kwa wakubwa mwenyewe, kabla ya mkaguzi kufika. Alikuwa na majani makavu sikioni. Akawaambia hamkuiba, mlidhani mnasaidia, akaomba msitu upimwe upya kwa miduara mingine. Walimsikiliza. Walimpa chai. Wakasema wanawaamini, lakini hakuna pa kuliandika hilo. Labda duru ijayo."

"Duru ijayo ni lini?"

Hakujua. Nilimwona kweli hajui. Angekuwa mjeuri ningempiga kwa ule mkungu wa ndizi, lakini alikuwa na kiu tu, na midomo imempasuka. Nikamwambia aingie. Nikawapa maji wote, mtungi mzima niliokuwa nimeupandisha asubuhi ile. Walikunywa wakamaliza. Binti akapangusa mdomo akasema, "Bibi, maji yenu matamu! Mnayatoa wapi?"

Nikamwonyesha mto kule chini. Akautazama. Halafu akautazama mtungi mtupu mkononi mwake, na hakujua auweke wapi.

Nausara haongei na mimi. Mtoni anautua mtungi wake mbali na wangu. Jana nilijikwaa pale penye jiwe, akaja akanikamata mkono, akaniinua, akaniwekea mkanda kipajini vizuri, kisha akaenda zake. Kina mama wengine wanasalimia, lakini kwa nusu mdomo. Nawaelewa. Hasta aliwaambia kwenye mkutano, "Hakuna mwenye kosa." Mmoja akamjibu, "Basi aliyekosa na ajitokeze, atubebee maji." Alitaka kuacha uenyekiti. Wamemkatalia, hakuna mwingine mwenye mwandiko.

Nilikukasirikia, Jamuna. Siku nne sikutaka jina lako litajwe ndani ya nyumba hii, nami ndiye niliyekuwa nalitaja. Ulifanya nilichokuambia, na ulikataa nilichokuambia, na yote mawili yametoka kinywani mwangu. Nitamlaumu nani? Mbuzi?

Usiogope kuja. Hasta anasema unaogopa. Mimi nasema una kazi. Sahani ya tika sijaiosha. Ukija hata mwezi wa Pus, kwenye baridi, na sikukuu imeshapita, nitakupaka, na mwenye kucheka acheke.

Samadi ya nyati narudisha shambani, kama ulivyosema. Ila tenga moja moja napeleka kwa ule wako wa chemchemini. Usinikataze. Umeshatolewa kwenye hesabu, hauharibu tena kitu cha mtu, na umeshazoea.

Leo asubuhi niliukumbatia. Mikono haikukutana. Nilijaribu upande huu, nikajaribu upande ule, nikabana shavu kwenye rangi yako mpaka ikaniachia alama. Vidole vinatafutana nyuma ya shina, havionani. Sijui kama ni mti ulionenepa au ni mimi niliyepungua.

Njoo unipime.

Bibi yako,
Lalsara